Kuovakloki kompyuta ya mezani hapa Dar: volti ngapi, na utajuaje imetulia

Wakuu, kwenye haya mambo ya kuovakloki, yaani kukimbiza prosesa kuliko spidi ya kiwandani, swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: "prosesa yangu ni fulani, niweke volti ngapi?" Na majibu yanakuja chapchap, huyu anasema weka 1.35, yule anasema mi yangu iko 1.28 na inapiga 5 GHz haina shida, mwingine anakwambia acha Auto, mazabodi inajua yenyewe, na muulizaji anabaki na majibu matatu hajui ashike lipi. Kila mmoja wao anaweza kuwa mkweli kabisa kwa mashine yake na bado akakupoteza, kwa sababu prosesa mbili za modeli ileile hazifanani hata kidogo, moja inaridhika na 1.22 kwa spidi ambayo mwenzake haifiki mpaka uipe 1.30. Kwa hiyo namba ya mtu inakuonyesha mtaa tu, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Nataka kueleza hiyo kazi ya kuitafuta inafanyikaje, na nianze na kitu ambacho naona wengi wanakigeuza. Wanatafuta spidi kubwa kabisa ambayo chipu inaweza kufika, afu volti inafuata popote inapofika. Mi nasema chagua spidi nzuri ya kawaida, afu tafuta volti ndogo kabisa inayoishikilia hiyo spidi wakati wa joto kali. Kwa mtu anayeishi Dar, chumba hakina AC, feni ya ukutani tu, hiyo tofauti ndo inaamua kama mashine itatumika mwaka mzima au itakuwa nzuri Julai na jeuri Februari.

Kwanza hakikisha mashine yenyewe inaruhusu. Desktopu nyingi tunazochukua Kariakoo ni zile za ofisi zilizotumika nje, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, na hizo hata uzunguke kwenye BIOS, ile menyu ya mazabodi kabla Windows haijawaka, mpaka alfajiri hutaona sehemu ya kubadilisha volti. Upande wa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K kwenye jina, mfano i7-8700K au i5-12600K, pamoja na mazabodi ya chipseti ya Z, mfano Z370 au Z690. i7-8700 bila K ni prosesa nzuri tu ila kizidisho chake, ile namba inayopanga spidi, kimefungwa. AMD ni wakarimu zaidi, Ryzen karibu zote ziko wazi, ila mazabodi iwe ya B au X kama B450 na X570, zile za A kama A320 haziruhusu. Ukiwa unanunua iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe mkaingie BIOS pamoja kabla hujatoa hela.

Sasa tuje kwenye volti inafanya nini. Ndani ya prosesa kuna mabilioni ya transista, kila moja ni swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, na kuna saa ya ndani inayopiga mdundo ambao swichi zote zinaufuata. Prosesa ikiwa 5 GHz ina maana midundo bilioni 5 kwa sekunde, kila mdundo unachukua nanosekunde 0.2, muda ambao hata mwanga unasafiri sentimita 6 tu. Ndani ya muda huo ishara inatakiwa itoke upande mmoja wa saketi, ipite kwenye msururu wa swichi, ifike mwisho na itulie kabla mdundo unaofuata haujapigwa. Ukiongeza volti swichi zinageuka haraka zaidi na ishara inawahi kufika. Ukipandisha spidi bila volti ya kutosha, mdundo unapigwa ishara iko njiani bado, na prosesa inaokota jibu ambalo halijakamilika, palipotakiwa kusomeka 1 inasoma 0 na inaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo pashikwe vizuri, maana wengi wanaamini mashine isiyotulia ni ile inayozima au inayoleta bluu skrini. Mashine isiyotulia ni ile inayokosea hesabu. Bluu skrini ni pale tu kosa limeangukia sehemu ambayo Windows haiwezi kuvumilia. Kosa hilohilo likiangukia kwenye video unayorenda utaona fremu ina michirizi, likiangukia kwenye faili la zip litakataa kufunguka siku unayolihitaji, likiangukia kwenye mafaili ya Windows wakati wa apdeti basi utaanza kuona mambo ya ajabu ajabu wiki mbili baadaye na utalaumu virusi. Mtu wa gemu gemu ikikata anaifungua tena maisha yanaendelea, lakini kuna vijana wana studio Sinza na Kinondoni wanaediti harusi za watu, mteja keshalipa advansi na kumbukumbu zenyewe hazirudiwi, hao wanatakiwa wawe wakali mara mbili kwenye kupima.

Tuje kwenye gharama. Umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini unakwenda na spidi, kuzidisha kwa volti, kuzidisha tena kwa volti. Volti inahesabiwa mara mbili, na hiyo ndo siri yote ya makala hii. Tuchukue i7-8700K, kori zake zote 6, yaani zile sehemu za ndani zinazofanya hesabu, zikifanya kazi kwa setingi za kiwandani zinakimbia 4.3 GHz, na tuseme chipu yako inafanya hivyo kwa 1.20. Ukiipandisha 4.8 na ikakubali kwa 1.25, umeongeza spidi asilimia 12 na umeme asilimia 21 hivi. Hiyo ni biashara nzuri. Sasa unataka ile 5.0 ya kuringia, chipu inakudai 1.35, spidi imepanda asilimia 16 ukilinganisha na kiwandani lakini umeme umepanda asilimia 47. Yaani ukitoka 4.8 kwenda 5.0 umepata spidi asilimia 4 na umeongeza joto zaidi ya asilimia 20 juu ya lile ulilokuwa nalo, na hapo sijaweka umeme unaovuja tu ndani ya chipu bila kufanya kazi, ambao unazidi kadiri chipu inavyochemka, chipu inachemka inavuja zaidi, inavuja zaidi inachemka zaidi. Na LUKU nayo inasoma: wati 50 za ziada kwa saa 8 kila siku ni uniti 12 kwa mwezi.

Ukiingia BIOS utakuta sehemu imeandikwa CPU Core Voltage au Vcore, na chini yake kuna namna kadhaa za kuiweka. Auto ndo ya kuiogopa ukishagusa kizidisho, kwa sababu bodi nyingi zikiona umepandisha spidi zinajiwekea akiba kubwa ya volti ili mteja asilalamike kwamba mashine haiwaki, unakuta chipu ambayo ingetosheka na 1.25 inapewa 1.38 na mwenye nayo anashangaa feni zinapiga kelele kama nini. Manual au Override ni volti moja isiyobadilika, mashine iwe imelala au inafanya kazi ni ileile. Offset inaongeza au inapunguza kiasi fulani juu ya ile ambayo chipu yenyewe inaomba, na Adaptive ni ya kuachia chipu ijishushe ikiwa haina kazi afu ukiifikisha spidi ya juu itumie namba uliyoiweka wewe. Utaratibu ninaoupendekeza ni kutafuta kwa Manual, maana unajua unachopima ni kitu kimoja, ukishapata namba yako ndo unahamia Adaptive au Offset ili mashine ipumzike ikiwa haina kazi, na baada ya kuhamia unapima upya, usidhani ni kitu kilekile.

Hapa katikati kuna kitu kinachochanganya watu kuliko volti yenyewe, nacho kinaitwa Load-Line Calibration, kwenye BIOS wanaifupisha LLC. Iko hivi. Umeweka 1.300 kwenye BIOS, umefungua HWiNFO64, programu ya kusoma sensa, kwenye Windows, mashine imetulia haina kazi unaona 1.296, safi. Unawasha testi nzito, kori zote zinavuta umeme kwa pamoja, unaona namba imeporomoka mpaka 1.225. Bodi haijaharibika. Imetengenezwa hivyo makusudi, volti ishuke kadiri mzigo unavyozidi. Sababu yake ni kwamba mzigo ukiachiwa ghafla, volti inaruka juu kwa muda mfupi sana kabla saketi ya umeme haijajirekebisha, na kama ilikuwa imeshuka, ule mruko unaishia sehemu salama. LLC inapunguza huo mporomoko. Ukiiweka ya kati unaweza kuona 1.260 kwenye mzigo, ukiiweka kali kabisa unaona 1.300 imenyooka kama mstari, inapendeza macho, watu wanapiga skrinshoti. Ila ile miruko sasa inatokea ukiwa tayari uko juu, inavuka namba uliyoiweka, na HWiNFO haiwezi kukuonyesha kwa sababu inasoma kila baada ya sekunde 2 wakati mruko wenyewe ni wa maikrosekunde, unahitaji osiloskopu kuuona. Kwa hiyo weka ya kati. Ukiona volti inaporomoka sana kwenye mzigo, ongeza kidogo ile volti uliyoiweka BIOS badala ya kukimbilia LLC ya mwisho.

Na angalia sana jinsi bodi yako inavyohesabu, hazifanani. Kwenye ASUS namba kubwa ndo kali zaidi, kwenye MSI na ASRock ni kinyume, 1 ndo kali kuliko zote, Gigabyte wao wanaandika maneno kama Turbo na Extreme. Mtu mwenye MSI akifuata maelezo ya mtu mwenye ASUS akaweka 1 akijua ameweka laini, ameweka kali kuliko zote. Na kwenye HWiNFO, kama bodi yako inaonyesha sensa ya VR VOUT isome hiyo, huwa iko karibu na ukweli kuliko ile ya Vcore ya kawaida.

Haya, kutafuta sasa. Kabla hujagusa chochote washa Cinebench R23, programu ya kupima kasi ya prosesa, kwenye setingi za kiwandani, iache izunguke zile dakika 10, andika alama, joto la juu, volti kwenye mzigo na joto la chumba. Bila hizo namba hutajua baadaye kama umepata faida au umeongeza kelele tu. Zima XMP kwa muda, rami ikimbie spidi yake ya kawaida, kwa sababu XMP nayo ni kuovakloki rami, na mashine ikikata ukiwa umegusa vitu viwili hutajua nani kakosea. Afu panda kizidisho: saa ya msingi ni 100 MHz, kwa hiyo 48 ni 4.8 GHz. Weka volti ya kuanzia ya wastani, kwa hizi Intel za nanomita 14 kuanzia kizazi cha 6 mpaka cha 10 watu wengi wanaanzia 1.25, na kwa matumizi ya kila siku na kipoza cha feni mi naona 1.35 ndo ukuta. Ikiwaka na kupita Cinebench, shusha volti kwa 0.010 au 0.015, rudia. Endelea kushusha mpaka ianze kusumbua, hapo umepata sakafu. Rudi juu kwa hatua mbili, 0.020 hadi 0.030, hiyo ndo namba ya kupeleka kwenye mtihani mzito. Ikikataa kuwaka tangu mwanzo panda kwa hatua hizohizo, na ukiona imekula hatua nne tano bila kutulia, teremsha kizidisho kwa 1, chipu imeshakujibu.

Mashine ikigoma kabisa kuwaka usipaniki. Bodi nyingi baada ya kujaribu mara kadhaa zinarudi zenyewe kwenye setingi za kiwandani, ikishindikana zima, chomoa waya wa umeme, tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1, ziguse kwa bisibisi sekunde chache, au toa ile betri ya CR2032 ukae dakika kadhaa urudishe.

Ryzen ina akili tofauti kidogo na inabidi nikae nayo, maana wengi wanaitendea kama Intel. Ukiwa na Ryzen ya 3000 au 5000 ukaangalia sensa, utaona wakati kori moja tu inafanya kazi volti inaruka 1.45 na zaidi, na mtu anapata wazo kwamba kama kiwanda kinaruhusu 1.45 basi na yeye aweke 1.45 Manual kwenye kori zote. Hiyo inaua chipu. Kinachokula chipu ni volti ikiwa pamoja na mkondo mkubwa na joto, na ile 1.45 ya kiwandani inatoka wakati mkondo ni mdogo, kori zote zikiingia kazini chipu yenyewe inajishusha mpaka 1.2 na kitu au 1.3 na kitu. Kwa hizo Ryzen, namna inayoleta matunda ni kuwasha PBO, setingi inayoiruhusu chipu ijipandishe zaidi yenyewe, na kutumia Curve Optimizer, ambayo ilianza na Ryzen 5000. Pale unampa kila kori namba hasi, inaishia −30, kila hatua moja inapunguza milivolti 3 mpaka 5 hivi, na chipu ikiona inakula volti kidogo na joto limepungua inajipandisha spidi yenyewe. Zile kori mbili bora za chipu yako mara nyingi ndo zinazovumilia kidogo, kwa sababu kiwanda kimeshazikamua, usishangae ikiwa nyingine zinakubali −25 na hizo zinagoma baada ya −10.

Shida ya Curve Optimizer ni kwamba inafeli sehemu ambayo watu hawapimi. Kori zote zikiwa na mzigo mzito spidi iko chini, hakuna tatizo, testi ya usiku mzima inapita. Asubuhi umekaa unasoma habari kwenye brauza, kori moja inaruka spidi ya juu kabisa kwa nusu sekunde, mashine inarestati bila hata bluu skrini. Kuna programu ya bure inaitwa CoreCycler iliyotengenezwa kwa ajili ya hili, inapeleka mzigo kwenye kori moja moja kwa zamu na inakutajia ipi imekosea. Iwashe usiku. Halafu kwenye HWiNFO angalia Effective Clock usiamini spidi ya kawaida peke yake, Ryzen ikikosa volti inaweza kuonyesha spidi kubwa huku kazi halisi imepungua, ndo unakuta mtu MHz zimepanda, alama za Cinebench zimeshuka.

Sasa mtihani wenyewe. Cinebench ni ya kuchuja tu, chipu inaweza kupita Cinebench siku nzima na ikafeli Prime95 ndani ya dakika 5. Prime95 ni programu ya watu wanaotafuta namba tasa kubwa duniani, ipo tangu miaka ya 1990, na uzuri wake ni kwamba inajua jibu sahihi la kila hesabu inayofanya, kwa hiyo inamkamata mwongo papohapo. Ukichagua Small FFTs inabana prosesa peke yake bila kugusa rami sana. Kila uzi wa prosesa, yaani kazi moja inayoendeshwa na kori, una dirisha lake dogo, na kori ikikosea utaona mstari umeandikwa FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4, uzi huo unasimama wengine wanaendelea. Mashine iko hai, mausi inatembea, muziki unapiga, lakini umeshafeli. Wengine wakiona mstari huo wanasema si haijazima, wanaendelea na maisha. Hapana, hapo ongeza volti hatua moja uanze upya.

Prime95 ikitumia AVX, aina ya amri za hesabu nzito za prosesa, inachoma kuliko kazi yoyote utakayoifanya kawaida, na kuna mabishano makubwa kama ni lazima kuipita. Msimamo wangu ni kwamba inategemea unachofanya: kama unarenda video au unafanya mambo ya 3D, AVX inatumika kweli, ipite. Kama ni gemu tu, kwenye dirisha la testi kuna sehemu ya kuzima AVX, pima bila hiyo afu ongezea OCCT, programu nyingine ya kupima, na gemu zako nzito. Bodi nyingi za hizo Intel za nanomita 14 zina AVX Offset pia, unaweka 2 na prosesa inashuka 200 MHz ikikutana na kazi za AVX, suluhisho zuri sana kwa mwenye kipoza cha kawaida.

Kitu kimoja kinachodanganya kwenye testi zote ni joto kufika mwisho. 8700K ikigusa nyuzi 100, Ryzen nyingi za 5000 zikigusa 90, chipu inajipunguzia spidi kujiokoa, na ikishajipunguza haipimwi tena kwenye ile spidi uliyoweka. Saa moja imepita, hakuna kosa, unafurahi, kumbe ilikuwa inakimbia 4.4. Kwenye HWiNFO kuna mstari wa Thermal Throttling, ukisomeka Yes, matokeo yote ya testi hiyo tupa. Mi kwa mzigo mzito nataka isivuke 85 kwenye saa ya joto. Hizi Ryzen 7000 zimetengenezwa zifike 95 zenyewe, hizo ni habari nyingine.

Baada ya testi ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, Windows Logs, System, tafuta WHEA-Logger. Event 19 maana yake prosesa ilikosea ikajisahihisha yenyewe, hakuna kilichokata, hukuona chochote, lakini uko kwenye ukingo, ongeza hatua moja. Kama ulipata bluu skrini soma jina lake: CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT na WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ukiwa unaovakloki mara nyingi ni volti ya prosesa haitoshi, MEMORY_MANAGEMENT nenda kwenye rami kwanza. Prosesa ikishatulia ndo unarudisha XMP na kuipima rami peke yake kwa MemTest86.

Haya yote yanapimwa lini? Hapa Dar ndo pa kuweka mkazo. Hitisinki, yaani kile kipoza cha prosesa, haishushi joto chini ya joto la chumba, inafanya kazi juu yake. Mashine iliyofika 76 usiku wa Julai, kusi inavuma, chumba kina nyuzi 23, itafika 86 hivi mchana wa Februari chumba kikiwa 33, na kwa sababu ya ule umeme unaovuja pengine itapitiliza. Na chipu yenye joto inahitaji volti zaidi kidogo kwa spidi ileile, kwa hiyo namba uliyoipata kwenye baridi kwa kukamua mpaka tone la mwisho ndo hiyohiyo itakayoanza kukuletea WHEA kaskazi likiingia. Pima saa nane mchana, madirisha kama unavyoyaweka siku zote, kifuniko cha kesi kimefungwa. Nimeona mtu anapima kesi iko wazi na feni ya chumba imeelekezwa kwenye bodi, afu anafunga kifuniko anaendelea na kazi, hapo amepima mashine ambayo haitumii. Kama umepima miezi ya baridi jiwekee akiba ya 0.020 zaidi au teremka 100 MHz, hutaiona tofauti kwenye gemu. Na futa vumbi kabla ya kupima, mtu wa Tabata au Mbagala barabara ya vumbi iko mlangoni anajua chujio la kesi linavyoziba ndani ya mwezi.

Umeme wa ukutani nao unaingia humu. Umeme ukicheza jioni, taa zinafifia sekunde moja, mashine inarestati, na kesho yake kwenye Event Viewer unakuta Kernel-Power 41 unaanza kuongeza volti bila sababu. Hiyo 41 inaandikwa kila mashine ikizimika vibaya, iwe umeme umekatika, iwe prosesa imefeli, haikutofautishii. Pima ukiwa kwenye UPS, hata ndogo. Halafu angalia laini ya 12V ya pawasaplai, kiwango chake kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.4 mpaka 12.6, ukiona kwenye mzigo inashuka kuelekea 11.4 basi tatizo lako liko kwenye pawasaplai na volti za prosesa hazitakusaidia. Sensa ya programu inaweza kudanganya hapo, mita ya fundi ni bora.

Kuhusu chipu kuchoka, si hadithi za kutishana. Volti kubwa na joto vikikaa muda mrefu vinasogeza chembe za chuma ndani ya nyaya ndogo za chipu na kuharibu transista polepole, na dalili yake ni kwamba spidi iliyotulia mwaka jana kwa 1.25 mwaka huu inadai 1.28. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikutana na hili kwenye prosesa zao za kizazi cha 13 na 14, zile kubwa zilikuwa zinaomba volti ya juu kupita kiasi na zikawa zinaharibika hata kwa watu ambao hawajawahi kugusa BIOS. Mwezi wa nane wakatoa maikrokodi 0x129, maelekezo ya ndani ya prosesa yanayokuja na apdeti ya BIOS, inayozuia chipu kuomba zaidi ya 1.55, baadaye ikafuata 0x12B, na waranti wakaiongeza miaka miwili. Mwaka mmoja kabla, 2023, Ryzen 7000 za X3D ziliungua kwenye baadhi ya bodi, na AMD wakafunga volti ya SoC, sehemu ya chipu iliyo nje ya kori, isivuke 1.3. Kwa hiyo ukinunua i7-13700K au i9-14900K iliyotumika, kabla ya kuwaza kuovakloki apdeti BIOS, na uifanye ukiwa kwenye UPS, umeme ukikatika katikati ya apdeti bodi inaweza kufa. Afu ipime kwenye setingi za kiwandani, ikifeli hapo irudishe kwa aliyekuuzia.

Kwa hizo chipu za Intel za kizazi cha 13 na 14, na kwa Ryzen 7000 pia, mi kwa chumba cha Dar naona faida kubwa iko upande wa kushusha. Tayari zimetoka kiwandani zimekamuliwa, acha spidi ilivyo, weka Offset hasi, anza na −0.050, ipime kwa utaratibu uleule, ikipita nenda −0.075. Joto linaweza kushuka nyuzi kadhaa, feni zinatulia, na mara nyingine spidi ya kori zote inapanda yenyewe kwa sababu chipu haigongi tena ukuta wa joto.

Ukishapata namba zako, BIOS nyingi ukibonyeza F12 zinahifadhi picha ya skrini kwenye flashi, piga picha kurasa zote ulizogusa. Apdeti ya BIOS inafuta kila kitu, na toleo jipya linaweza kubadilisha jinsi LLC inavyofanya kazi hata kama jina ni lilelile, kwa hiyo ukirudisha namba angalia kwanza volti kwenye mzigo inasoma ngapi ukilinganisha na picha, afu rudia Small FFTs saa moja. Vilevile ukiongeza rami au ukibadilisha pesti ya joto.